Gitaa la Kimanzi na Kondensa Zangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa redio iliyokuwa ikikoroma, kisha nikaambiwa nisiiguse. Hiyo ilikuwa Kitui, muda mfupi baada ya vita, katika karakana ya mabati nyuma ya ofisi za serikali. Nilikuwa nimetoka jeshini, kikosi cha mawasiliano, ambako nilifunzwa kutuma ujumbe kwa simu ya upepo na kutunza betri. Nilijiona fundi kamili. Fundi Mkuu, Mzee Athumani, hakuniona hivyo.

Mzee Athumani alitoka katika zile familia za Waislamu zilizokuja kutoka pwani na kufanya makao Kitui tangu siku za babu zao. Alivaa kofia nyeupe na koti la kaki, na Kikamba chake kilinyooka kama Kiswahili chake. Aliwasha ile redio, akavuta kiti, akakaa.

"Unasikia nini, Nzioka?"

"Inakoroma, Mzee."

"Inakoroma vipi? Kama paka, au kama lori linalopanda mlima?"

Nilisikiliza tena. "Kama lori."

"Basi ni kondensa kubwa ile ya umeme imechoka. Ingekuwa kama paka tungetafuta kwingine. Sasa unaweza kuleta chuma cha kulehemu."

Vijana wa leo mnaiita kapasita. Sisi tuliiita kondensa. Zile za wakati huo zilikuwa vipande viwili vya bati jembamba vilivyotenganishwa kwa karatasi ya nta, vikakunjwa pamoja kama sigara. Kazi ya kondensa ni kupitisha umeme unaotikisika haraka na kuuzuia ule wa polepole. Sauti nyembamba ni umeme unaotikisika haraka. Sauti nene ni ule wa polepole. Ukishika hilo, umeshika nusu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Nilikaa karakanani miaka kadhaa, nikitengeneza redio za maofisa, za wamishonari na za wenye maduka. Baadaye nilihamishiwa kwenye gari la sinema. Lilikuwa lori lililofunikwa nyuma, likiwa na projekta, jenereta dogo la petroli, na amplifaya, ile mashine yenye valvu za kioo inayoikuza sauti. Juu ya paa lilikuwa na spika mbili zenye midomo kama tarumbeta. Tulizunguka Kitui yote mpaka Tseikuru, na upande wa pili mpaka Kibwezi na mashamba mapya ya Makueni, tukionyesha watu filamu za kuchimba matuta, kuogesha ng'ombe na kuchemsha maji. Mkuu wetu alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Afisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, aliyetaka kila kitu kianze kabla hakijawa tayari.

Shida yetu ilikuwa kwamba watu hawakuja mapema. Wengine walitoka mbali na mifugo yao, na hakuna anayetembea jua lote ili aje kutazama matuta. Ndipo Bwana Afisa akamwajiri Kimanzi apige gitaa alasiri, watu wakusanyike kabla jua halijatua.

Kimanzi alikuwa mtu wa Tseikuru. Wakati wa vita alikuwa kikosi cha mizinga huko Burma, na wakati wa kurudi, melini, alipata gitaa kwa askari mwenzake. Alipiga kwa vidole viwili tu: gumba kwenye kamba nene, shahada kwenye nyembamba, na ungefikiri ni watu wawili wanaojibizana. Nyimbo zake zilikuwa za mambo ya watu. Kulikuwa na mmoja wa mwanamke aliyemkimbia fisi, akafika nyumbani akakuta mumewe ametangulia kukimbia na amefunga mlango. Watu waliupenda sana huo. Mke wake, Kavutha, alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, mtu wa injili, na hakupenda mambo ya dansi, lakini gari lilipokuwa karibu alikuja na binti yao Mwende, akakaa mbele kabisa.

Mwanzoni tulimwekea Kimanzi maikrofoni mbele ya gitaa. Akisogea kidogo, spika zinapiga yowe. Ilipokaribia mwisho wa miaka ya hamsini Bwana Afisa alirudi kutoka Nairobi na kitu kipya: pikapu. Ukitaja pikapu leo mtu anafikiria gari la kubebea magunia. Hii yetu ilikuwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu na maelfu. Inafungwa chini ya kamba za chuma. Kamba ikitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa katika ule waya, na huo umeme ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Pamoja nayo kulikuwa na kitufe cha kuongeza sauti, na kingine cha kuibadilisha rangi, yaani kuifanya nene au nyembamba. Ndani ya hicho cha pili kulikuwa na kondensa. Ukikizungusha, kondensa inazichukua sauti nyembamba na kuzimwaga ardhini zisifike kwenye spika.

Tuliifunga, na yowe likaisha. Lakini Kimanzi hakufurahi.

"Nzioka," aliniambia, "hii sauti imefunikwa blanketi."

Kwangu mimi ilikuwa sauti nzuri. Lakini mpigaji ndiye anayelijua gitaa lake, kwa hiyo niliitoa ile kondensa nikaweka ndogo zaidi, ambayo humwaga kidogo. Akapiga, akatingisha kichwa. Nikaweka ndogo kuliko hiyo. Mwishowe nikaikata kabisa, sauti yote ikapita wazi kama ilivyotoka kwenye sumaku.

"Afadhali kidogo," akasema. "Lakini blanketi liko."

Tulipiga hivyo Tseikuru. Wachungaji waliokuwa wamesimama mbele walianza kurudi nyuma polepole. Akina mama wenye watoto wachanga waliwafunika masikio. Mama mmoja mzee alinijia pale nyuma ya lori, akaniambia kwa upole kabisa, kama anayemhurumia mgonjwa, "Mwanangu, hicho chuma chenu kinachonga meno yangu."

Niliporudi Kitui nilimweleza Fundi Mkuu. Yeye hakwenda safari siku hizo. Magoti yalikuwa yanamsumbua.

"Acha kuhangaika na kondensa," alisema. "Kondensa haiongezi kitu, inapunguza tu. Kama pikapu haikuichukua ile sauti nyembamba kutoka kwenye kamba, wewe utaitoa wapi? Badilisha pikapu."

"Lakini sauti nyembamba iko, Mzee. Imezidi. Watu wanakimbia."

"Watu si wapigaji. Nimepiga udi miaka mingi harusini. Mwenye chombo akikwambia chombo chake kimeziba, kimeziba."

Tulibishana wiki nzima, kwa adabu, kila mtu na chuma chake cha kulehemu mkononi. Mimi nilisema kubadilisha pikapu ni kung'oa jicho kwa sababu miwani ina vumbi. Yeye alisema mimi nasugua miwani ya kipofu. Mwishowe Bwana Afisa alikubaliana na Fundi Mkuu, akaagiza pikapu nyingine kutoka ng'ambo, iliyozungushwa waya mchache zaidi ili itoe sauti angavu. Lakini alituita sote watatu ofisini kwake.

"Hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Ikishindwa nitaweka gramafoni na rekodi. Gramafoni hailalamiki."

Kimanzi alisimama wima kama askari. Hakuacha kumwita mkubwa yeyote Afande. "Ndiyo, Afande," alisema. Tulipotoka nje nilimwona anafuta mikono kwenye suruali. Mvua ilikuwa imekosa huko kwao, ng'ombe walikuwa wameisha, na Mwende alikuwa ameanza shule. Na zaidi ya hayo yote, tangu atoke Burma, hilo gitaa ndilo jambo pekee ambalo watu walimjua kwalo.

Pikapu mpya ilifika. Niliifunga mwenyewe, kwa uangalifu, bila kondensa, na tukaijaribu Kitui siku ya soko. Sijasahau ile sauti. Kila kamba ilitoka kama sindano. Mwenye duka upande wa pili wa barabara alifunga madirisha. Bwana Afisa alisimama kidogo mikono nyuma, akaingia garini mwake akaondoka. Nilimtazama Kimanzi. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya gitaa, uso umekunjamana kama mtu anayejaribu kusikia mazungumzo ya chumba kingine.

"Bado," akasema.

Mzee Athumani aliamua kwamba kosa litakuwa kwenye amplifaya. Jumatatu tuliiteremsha tukaiweka juu ya meza ya karakana. Tulikuwa na mashine moja ya kupimia, inayotoa mlio mmoja tu; ukizungusha kitufe chake mlio unapanda, kutoka mngurumo mpaka filimbi nyembamba sana. Unaupitisha kwenye amplifaya na kutazama mshale wa mita. Mshale ukianguka mahali, hapo pana ugonjwa. Kimanzi aliketi juu ya sanduku karibu na mlango, kwa sababu alitaka kujua ugonjwa ni upi.

Nikaanza chini, nikapanda. Mshale ulisimama imara. Nikapanda zaidi, mlio ukawa filimbi, ukawa mkali, Mzee Athumani akaziba sikio moja kwa kidole.

"Mbona umezima?" Kimanzi akauliza.

Sikuwa nimezima. Mshale ulikuwa palepale na filimbi ilikuwa inajaa karakana nzima. Mzee Athumani alinitazama, akaondoa kidole sikioni taratibu. Nikauteremsha mlio kidogo.

"Haya, sasa umewasha," akasema Kimanzi.

Niliupandisha tena. Ulipofika palepale alifungua mikono kama anayesema, umezima tena. Kisha aliona nyuso zetu. Akainuka, akaja mezani, akautazama ule mshale uliosimama, akaweka kiganja kwenye spika.

"Hii inalia?"

"Inalia," nikasema.

"Ililia wakati wote?"

"Wakati wote."

Alikaa juu ya sanduku. Nilizima mashine, safari hii kweli. Kisha Kimanzi akaanza kuongea akitazama sakafu.

"Mizinga ikipigwa tulikuwa tunaambiwa tufungue mdomo, ndio masikio yasiharibike. Tulifungua." Akagusa sikio. "Kule nyumbani ndege wamepungua. Mimi nilifikiri ni ukame."

Mzee Athumani alimwekea mkono begani. Kimanzi akatuomba tusimwambie Bwana Afisa.

"Mimi simwambii," Mzee Athumani akasema. "Lakini ukiendelea hivi, gitaa lenyewe litamwambia."

Mimi nilikuwa kijana wa vitendo na nilikimbilia dawa. Nilimwambia nitarudisha kondensa, tena kubwa, na nitatoa kile kitufe ili asiweze kukizungusha. Sauti itakaa mahali pamoja, mahali ambapo watu wanaipenda.

"Unataka nipige kitu ambacho sikisikii," akasema.

"Kamba nene unazisikia. Nyembamba kidole chako kinazijua. Hilo blanketi halitatoka, Kimanzi. Liko kwako, haliko kwa watu."

Nilisema kweli, lakini niliisema haraka mno. Alichukua gitaa lake akarudi kwao. Hakuja kesho yake, wala siku iliyofuata, na tulikuwa tunatakiwa Kibwezi wiki hiyo.

Aliyekuja alikuwa Kavutha, kwa basi. Alisimama mlangoni mwa karakana na leso yake mabegani, akatuamkia. Nilimkaribisha kwenye lile sanduku.

"Baba Mwende ameniambia," alisema. "Nami nataka niwaulize, kwa sababu ninyi mnajua mambo ya sauti. Mimi nikimwita anaitika. Mwende akimwita haitiki. Inawezekana?"

"Inawezekana, Mama Mwende," Mzee Athumani akamjibu. "Sauti yako ni nene. Ya mtoto ni nyembamba."

Kavutha alifunika mdomo kwa ncha ya leso. "Mtoto amekuwa akiniambia baba yake hampendi. Na mimi nimekuwa nikimgombeza mume wangu usiku na mchana kwamba anamdharau mtoto wake." Akainuka. "Wacha nirudi nyumbani."

Sijui walisemezana nini huko. Asubuhi ya safari Kimanzi alikuja na gitaa begani, akaliweka juu ya meza yangu.

"Fanya ile kazi," alisema. "Na mimi naenda kwa Afande. Ni afadhali aisikie kwangu."

Nilimwona kupitia dirisha la ofisi, amesimama wima mbele ya meza. Baadaye alinieleza. Bwana Afisa aliuliza, kwa ukali kidogo, kama basi ameagiza pikapu kutoka ng'ambo kutibu gitaa lisilo na ugonjwa. Kimanzi akasema ndiyo. Kisha Bwana Afisa akamuuliza kama anayasikia maneno yake.

"Nasikia maneno, Afande. Vile vipande vidogo vya mwisho ndivyo vinaniponyoka. Nakutazama mdomo."

Bwana Afisa alimwuliza mahali alipokuwa Burma, na Kimanzi akamwambia. Akasema, "Twende tusikilize Kibwezi, halafu tuone." Kwa mtu wa haraka kama yeye, hayo yalikuwa mengi.

Sikuirudisha pikapu ya zamani. Hapo Fundi Mkuu alikuwa na haki: ile mpya ilikuwa safi zaidi, kila kamba ilisikika peke yake, haikuchanganya sauti kama uji. Lakini ukali wake ulihitaji kondensa, na hapo mimi nilikuwa na haki. Pikapu ndiyo inayoamua ni nini kitaingia. Kondensa inaamua ni nini kitaachwa nje. Tulijaribu moja baada ya nyingine, Mzee Athumani akisikiliza mlangoni na mimi nikisikiliza nje barabarani, mpaka tukakubaliana, jambo ambalo halikutokea mara nyingi kati yetu. Nikalehemu, nikatoa kitufe, nikaziba tundu lake kwa kipande cha mbao.

Kibwezi walikuja watu wengi: wa reli, wa mashamba ya katani, na wakulima wa kando ya mto. Kavutha alikuwa amepanda lori pamoja nasi, na Mwende mapajani. Kimanzi alianza polepole. Kwa kawaida alipiga akiinamia gitaa, lakini siku hiyo aliinua uso, akawa anawatazama watu. Ulipofika ule wimbo wa fisi, watu walicheka hata kabla ya mlango kufungwa. Hakuna aliyerudi nyuma. Akina mama waliwanyonyesha watoto wao palepale chini ya spika. Mzee mmoja wa reli alitaka urudiwe, ukarudiwa, na Bwana Afisa akachelewesha filamu ya matuta, jambo ambalo sikuliona tena.

Kimanzi alipomaliza alinijia nyuma ya lori.

"Ilikuwa aje?"

"Ilikuwa tamu."

Alinitazama mdomo muda mrefu, kana kwamba neno lilikuwa bado liko pale. "Basi nitakuwa nakuuliza," alisema.

Na aliniuliza, kila mahali tulipokwenda, mpaka nilipohamishiwa upande wa Makueni kuwa fundi wa kituo. Huko nilifanya kazi chini ya Mhandisi wa kwanza Mwafrika niliyepata kumtii, kijana mwenye subira, na baadaye nikawa Fundi Mkuu mwenyewe. Valvu zilikwisha, transista zikaja. Gari la sinema liliegeshwa, nyasi zikaota kati ya magurudumu yake. Mzee Athumani alizikwa Kitui, na tuliobeba jeneza tulikuwa Waislamu na watu wa kanisa pamoja. Nilistaafu nikiwa na macho mabovu na vidole vyenye alama za kuungua.

Siku hizi vijana wa bendi za kanisa wananiletea magitaa yao. Wanauliza: Mzee, nibadilishe pikapu au nibadilishe kapasita? Nawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Kapasita ni kazi ya asubuhi moja, na ukikosea unaitoa, gitaa halikumbuki. Pikapu ni jambo zito, kwa hiyo jaribu kapasita kwanza. Lakini kabla ya yote mawili, kaeni wawili au watatu mlisikilize gitaa pamoja, kila mmoja aseme anachosikia, na asichekwe. Wengine wananiona mzee anayepoteza muda. Nilipata kazi nzuri, nilifanya kazi na watu wazuri, na muda wa kupoteza ninao sasa.

Mara ya mwisho nilipokwenda Tseikuru, Kimanzi alikuwa amezeeka na sauti za watu zilikuwa karibu zimemwishia zote, isipokuwa za karibu na nene. Mwende, ambaye sasa ana watoto wake, alimgusa bega kumwonyesha nimefika. Kimanzi alifurahi, akaleta gitaa lake nje, halina waya wala pikapu siku hizi, akaanza kukaza kamba. Kavutha alikuwa ameketi hapo karibu na ungo wa ndengu. Aliuweka ungo chini. Kimanzi alikaza kamba, akaidonoa, akamtazama mkewe. Kavutha akatingisha kichwa. Akakaza tena, akamtazama. Akatingisha kichwa tena, kidogo zaidi. Waliendelea hivyo kamba hata kamba, bila haraka, na mimi nilinyamaza ingawa nilikuwa fundi. Kamba ya mwisho ilipofika mahali pake Kavutha hakutingisha kichwa. Aliinua ungo wake akaendelea kupepeta, na Kimanzi akaanza kupiga.